MANENO YA WATAALAMU JUU YA CHAKULA NA AFYA
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kipevu



Kamati iliponitaka niseme machache juu ya maneno ya sayansi yatumiwayo katika utafiti wa chakula na afya, niliogopa kidogo. Mimi si daktari wala si mwalimu wa sayansi. Mimi ni karani, na kazi yangu katika Chama hiki ni kuandika barua, kutunza daftari la ada, na kuwasomea wanachama karatasi wanazoletewa kwa Kiingereza. Lakini Bwana Mwenyekiti aliniambia ya kuwa nimechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi nyingi za hospitali na za watafiti hupita mezani kwangu kabla hazijafika nyumbani kwa mwenyewe, na kosa langu moja laweza kuwa kosa la nyumba nzima. Alisema kweli. Kosa hilo nimekwisha kulifanya, na kwa ruhusa ya baba wa mtoto nitalieleza bila kutaja jina.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 mwanachama mwenzetu, mchukuzi wa bandarini, alinijia jioni na karatasi ya zahanati. Mtoto wake wa kike, mwenye miezi kumi na minne, alikuwa amepimwa mkono kwa ule utepe wenye rangi tatu, na utepe ukasimama penye nyekundu: sentimita 11.2. Juu ya karatasi palikuwa na maneno matatu ya Kiingereza. Niliyasoma upesi upesi, kwa kuwa nilikuwa nafunga ofisi, nikamwambia, "Ni utapiamlo mkali sana." Akaniuliza, "Mkali namna gani?" Nikajibu, "Mkali ndiyo hivyo, wa kiwango cha juu kabisa." Akaikunja karatasi, akashukuru, akaenda zake.

Sikujua alichokisikia. Alisikia ya kuwa ugonjwa umekuja kwa hasira, kama mtu mkali ajavyo mlangoni, nao hauna dawa. Nyumbani ndugu zake wakamwambia ya kuwa wao walikwisha lijua jambo hilo zamani, nalo ni chirwa. Wazee wetu wa Kimijikenda walioko hapa walijua neno hili kuliko mimi. Mtoto akikonda na kudhoofika, hudhaniwa ya kuwa baba au mama amevunja mwiko wa ndoa, na aghalabu anayeulizwa kwanza ni mama. Yule mama aliambiwa akiri. Alikataa, kwa kuwa hakuwa na la kukiri, akarudishwa kwao Kaloleni na mtoto mgongoni. Siku tisa zikapotea hivyo, na mtoto mwenye mkono wa sentimita 11.2 hana siku tisa za kupoteza.

Sasa tazameni kosa langu. Katika maneno yale matatu, la kwanza ndilo lenye maana ya ukali. La pili ni 'acute', nami nililimeza ndani ya lile la kwanza, nikafanya "mkali sana". Kumbe katika lugha ya madaktari neno hilo la pili husema habari ya muda. Husema ya kuwa ugonjwa ni wa juzi juzi, umeingia katika siku au majuma machache yaliyopita. Laiti ningalimwambia baba yule, "Mtoto wako amekonda vibaya, lakini amekonda karibuni, na kilichopotea kwa majuma chaweza kurudi kwa majuma," angalikwenda hospitali usiku ule ule. Niliyapata maelezo haya baadaye kwa mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo ambaye hakusoma hata nusu ya niliyosoma mimi, lakini maneno ya kazi yake ayajua barabara.

Utepe wenyewe hauna uganga. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo yumo hatarini kufa. Kutoka 11.5 hadi kufikia 12.5 ni manjano, naye ahitaji msaada upesi. Kutoka 12.5 kwenda juu ni kijani. Mtoto wa nyekundu ambaye bado ana hamu ya kula wala hana ugonjwa mwingine wa kutisha hupewa siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, katika pakiti za gramu 92, kila pakiti ikiwa na nguvu ya kilokalori 500. Ailia nyumbani kwa mama yake.

Lipo neno jingine lililo ndugu wa hilo, nalo hutumika kwa utapiamlo wa muda mrefu. Huo haumkondeshi mtoto, humfupisha. Mtoto aonekana mnene wa kutosha, anacheza, anacheka, lakini kimo chake ni cha mtoto mdogo kuliko yeye. Huo ndio udumavu, na utepe wa mkono waweza usiugundue. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta ya kuwa watoto 18 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwa jirani zetu wa Kilifi ni 37 katika 100. Wenye ukondefu walikuwa 5 tu katika 100 kwa nchi nzima. Kwa hiyo mtu akisema "utapiamlo umepungua", yafaa tumwulize ni upi.

Madaktari huita ugonjwa wa muda mrefu "ugonjwa sugu", na hapa pia pana mtego. Sisi tukisikia sugu, twadhani ni kile kisichosikia dawa. Kisukari na presha huitwa sugu kwa sababu hukaa na mtu miaka mingi, na dawa zao zipo na zafanya kazi. Nimewaona watu wawili katika mtaa huu walioacha vidonge kwa ajili ya neno hilo moja.

Nisiwachoshe kwa vitamini, ila nitaje kichekesho kimoja. Nilipokuwa skuli ya misheni, mwenzetu mmoja aliandika katika mtihani ya kuwa vitamini zaitwa hivyo kwa sababu zapigana vita na maradhi. Mwalimu alicheka hadi akatoka nje. Neno hilo lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mtaalamu mzaliwa wa Poland, kutoka katika Kilatini, ambamo vita maana yake ni uhai. Kwa hiyo mwenzetu alikosa, lakini hakukosa sana.

Wazee wangu, natoka sasa katika mkono wa mtoto, naingia katika damu. Kutoka hapa tulipo hadi Mikindani si mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyesimama na wanakijiji, alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilitanguliwa katika rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Niliwahi kumsomea mzee mmoja habari hizo gazetini. Niliposema ya kuwa watoto walikutwa na risasi katika damu, aliniuliza kwa uchungu ni nani aliyewapiga. Hakuna la kumcheka. Lugha yetu imeipa jina moja ile ya bunduki na ile ya kiwandani, kwa kuwa zamani ya kwanza ilitengenezwa kwa ya pili. Madini hayo huingia mwilini kwa vumbi, kwa udongo, kwa maji na kwa chakula, na kwa mtoto mdogo zaidi kwa kuwa kila kitu hukipeleka kinywani. Hudhuru ubongo unaokua.

Watafiti walipima damu ya watoto wa Owino Uhuru, na vile vile damu ya watoto wa kijiji cha Bangladesh, kilicho upande wetu huu huu wa bara. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 katika desilita moja ya damu, na wa Bangladesh ulikuwa 3.7. Natamani kila mwanachama aweze kusoma sentensi hiyo peke yake, kwa hiyo niwieni radhi nikiikata vipande. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu. Kile kibanio cha karatasi nitumiacho ofisini kina uzito wa gramu moja hivi. Kikate vipande milioni moja, na kipande kimoja ndicho mikrogramu. Wastani haumwelezi mtoto wako. Pana waliokuwa chini ya 7.4 na pana waliokuwa juu yake sana. Na kijiji cha pili kiliwekwa ili pawe na cha kulinganisha, maana bila hicho mtu angaliweza kusema ya kuwa watoto wote wa Mombasa ndivyo walivyo. Wataalamu hukiita kundi la kulinganisha. Utafiti usio na kundi hilo mimi huusoma kwa jicho moja.

Neno gumu kupita yote hapo ni "kiwango". Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2021 ya kuwa damu ya mtu ikifikia mikrogramu 5 katika desilita, yapasa kitafutwe kinachomdhuru na kiondolewe. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ya kuwa 4 ni ruhusa. Shirika hilo hilo lasema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Kiwango hicho ni mahali pa kuanzia kazi, mfano wa alama ya maji katika mto. Maji yakifikia alama, watu huhamishwa, walakini hata kabla ya alama waweza kuzama.

Sasa unga. Wengi wetu hapa twala ugali mara moja au mbili kwa siku, nami nataka kusema juu ya aflatoksini, ambayo wenzetu wa Tanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ilipochunguzwa, walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye kuvu iitwayo kwa Kilatini Aspergillus flavus. Chukua herufi ya kwanza ya neno la kwanza, na herufi tatu za mwanzo wa neno la pili, uongeze neno la sumu: ndipo jina lilipotoka. Hapa kwetu, mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 walipatwa na sumu hiyo kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 wakafariki. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hafi siku hiyo. Hatari yake ni saratani ya ini.

Sheria ya Kenya yaruhusu katika mahindi sehemu 10 za sumu hiyo katika sehemu bilioni moja. Bilioni! Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Katika gunia la kilo 90, sehemu 10 katika bilioni ni mikrogramu 900, yaani haifiki hata miligramu moja katika gunia zima. Mtu hawezi kuiona, wala kuinusa, wala kuionja. Tena haikai sawa sawa ndani ya gunia. Punje chache zilizooza pembeni zaweza kuwa nayo karibu yote, na zilizobaki ziwe safi. Ndiyo maana mpimaji huchota sehemu nyingi za gunia, na ndiyo maana majibu mawili ya gunia moja yaweza kutofautiana bila mtu yeyote kusema uongo. Na mama zetu wanisikie hapa: moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Ugali ukipikwa hata ukaungua, yenyewe ipo. Lifaalo ni kuchambua punje zilizovunjika, zilizonyauka na zenye rangi ya kuvu kabla ya kusaga, na kuyakausha mahindi hadi unyevu wake usizidi 13.5 katika 100.

Hapa Kipevu hewa ni ya bahari, na wengi wetu gunia litokalo bara hulilaza juu ya sakafu ya saruji, pembeni, chini ya kitanda. Nami nilikuwa nikifanya hivyo. Mbao mbili chini ya gunia, na kulitenga na ukuta, havina gharama.

Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Mtakumbuka jinsi tulivyokimbilia mahindi ya kusagisha wenyewe, tukijiona tumeokoka. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nani aliyeyapima hayo.

Neno la hatari lataka uangalifu pia. Mwezi wa Oktoba 2015 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, walitangaza ya kuwa nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, zimo katika kundi la kwanza la vitu viletavyo saratani. Sumukuvu imo katika kundi hilo, na sigara imo. Basi vijana wetu waliokuwa wakila smoki pale stendi ya Changamwe wakaambiwa ya kuwa wavuta sigara. Sivyo. Kundi hilo lasema jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halisemi jinsi madhara yalivyo makubwa. Ni kama mahakamani: mwizi wa kuku na mwizi wa meli wote wawili waweza kuthibitishiwa makosa pasipo shaka, lakini hasara si moja.

Walisema tena ya kuwa kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mkubwa kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Tuseme, kwa mfano tu, ya kuwa katika watu 100 wasioila nyama hiyo 5 watapata ugonjwa huo maishani. Asilimia 18 ya hao 5 haifiki mtu mmoja, kwa hiyo wale wailao watakuwa karibu 6. Hiyo si habari ya kupuuza, lakini si watu 18 walioongezeka, kama nilivyosikia ikisemwa. Kila mara uonapo asilimia imeongezeka au imepungua, uliza ilikuwa ngapi kwanza.

Nalo "jaribio". Watafiti wakija mlangoni na kusema wafanya jaribio, twasema watufanya panya. Naomba mkumbuke Kilifi. Kati ya miaka 1993 na 1995 vijiji vya huko viligawanywa kwa kura. Vingine vikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa, vingine vikangoja. Wapo waliolalamika ya kuwa kura si haki, na malalamiko hayo nayaelewa, kwa kuwa mzazi wa kijiji kilichongoja naye alikuwa na mtoto. Lakini bila kura wangaliweza kupewa kwanza wenye uwezo, na mwishoni asingalijua mtu kama kilichookoa ni chandarua au ni fedha. Matokeo yalikuwa ya kuwa vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Vyandarua mlalavyo leo vimetokana na majaribio ya namna hiyo, hapo Kilifi na kwingineko Afrika. Mtafiti akija kwako, una haki ya kumwuliza: kundi langu litapata nini, na lile lingine litapata nini? Nikikataa, matibabu yangu ya kawaida yataendelea? Nikikubali leo, naweza kujitoa kesho? Asiyeweza kujibu kwa Kiswahili cha kueleweka, mwambie arudi siku nyingine.

Bwana Mwenyekiti, naona saa. Yule mtoto alifuatwa Kaloleni na mhudumu wa afya, akaanza pakiti zake siku ile ile. Baada ya majuma tisa mkono wake ulikuwa sentimita 12.6. Mama yake hajarudi Kipevu. Nimekwenda kwao mara mbili kueleza mbele ya wazee wa pande zote mbili ya kuwa neno lililotumika lilikuwa langu na lilikuwa si sahihi. Walinikaribisha vizuri, wakanipa chai, wakasema watafikiri. Naomba wazee wawili wa Chama waandamane nami mara ya tatu, kwa kuwa mimi ni mdogo wao na maneno ya karani hayatoshi katika jambo la ndoa.

Ombi langu la pili kwa Kamati ni dogo. Nimeanza daftari ofisini lenye safu tatu: neno lilivyoandikwa katika karatasi, nilivyolielewa mimi, na alivyolieleza mtu wa hospitali. Mpaka jana lina maneno 41, na katika hayo 16 safu ya pili na ya tatu hazipatani. Naomba shilingi za kununulia daftari la pili na utepe mmoja wa kupimia mkono, vikae ofisini. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwapo, na mhudumu wetu wa afya amekubali kuja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mwenye karatasi aje nayo, hata kama ni ya zamani.